Bumu Halijengi Bweni

Mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekosa chumba hubebwa na mwenzake aliyepata. Wanalala wawili kwenye kitanda cha futi tatu, mara nyingi mzungu wa nne, na anayebebwa huficha begi lake zikisikika habari za ukaguzi. Chuo kinakataza kubebana, na kila mwaka wanafunzi wanabebana, kwa sababu uhaba hauondolewi kwa tangazo la ubaoni. Lawama zetu huishia kwa wanafunzi hao. Mimi naona kosa liko juu zaidi: tumezoea kuhesabu kitanda na chakula kuwa mambo ya mfukoni mwa mwanafunzi, wakati ni sehemu ya elimu yenyewe, kama maktaba ilivyo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo kilichoanza 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kilipohamia kilima cha Ubungo mwaka 1964 kilikwenda na mpango wa mabweni na kafeteria. Aliyedahiliwa alikuwa na pa kulala na pa kula. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na tangu 2005 Bodi ya Mikopo inampa mkopaji fedha za chakula na malazi, ndilo bumu linalojulikana vyuo vyote. Mwaka wa masomo 2022/23 kiwango kilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Nyongeza ilikuwa ya haki, lakini haikuongeza kitanda hata kimoja.

Wapo watakaosema mwanafunzi ni mtu mzima, apewe hela yake aamue mwenyewe. Sawa, ila aamue nini? Bumu hukokotolewa kwa siku na kutolewa kwa mafungu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake. Fungu lililokusudiwa chakula linamezwa na chumba, na kinachobaki kinapigiwa hesabu ya pasi ndefu: asubuhi anapita bila kitu, mchana anavuta mpaka saa kumi, ndipo anapokula wali maharage unaohesabika kuwa mlo wa kutwa. Huyo ndiye tunayemtaka afuatilie mhadhara wa takwimu saa nane mchana. Na bado hatujamtaja asiye na mkopo kabisa.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Hosteli za Magufuli za chuo hichohicho, zilizozinduliwa Aprili 2017, ni majengo 20 yenye nafasi 3,840, na serikali ilitaja gharama ya shilingi bilioni 10. Kwa kila kitanda ni kama milioni 2.6, sawa na bumu la siku 260 la mwanafunzi mmoja kwa kiwango cha sasa. Ni kweli ardhi ilikuwa ya chuo, bei za vifaa zimepanda, na picha za nyufa zilizosambaa mwishoni mwa 2017 zilizua maswali kuhusu kujenga kwa haraka na kwa bei nafuu. Basi tuseme gharama iwe mara mbili: bado kitanda kitalaza mwanafunzi baada ya mwanafunzi kwa miaka mingi, ilhali posho ikishaliwa imeliwa.

Kwa chakula sidai chuo kirudi jikoni. Mama lishe anapika vizuri na anaijua mifuko ya wateja wake. Anachohitaji ni banda lenye maji safi, mfereji wa maji machafu na kodi isiyomlazimisha kupunguza mboga kwenye sahani. Hayo chuo kinayaweza hata bila bajeti mpya.

Mzazi unayemwandaa mtoto kwa udahili, usiishie kuuliza ada. Uliza chuo kina vitanda vingapi, na wa mwaka wa kwanza wanatengewa vingapi. Na vyuo viandike idadi hiyo kando ya nafasi za udahili vinazotangaza.