Mnyauko wa Pamba na Jina la Mnyoo

Pamba ni zao kuu la biashara katika mkoa wa Simiyu, na mashamba ya Bariadi yanajulikana kwa zao hilo tangu zamani. Miongoni mwa maadui wa mmea huu yumo mmoja asiyeonekana kwa macho: mnyoo fundo, ambaye anapoanguliwa hafikii urefu wa nusu milimita. Huingia katika mizizi, nayo mizizi huvimba na kufanya vifundo.

Hasara haiishii hapo. Udongoni huishi pia kuvu iitwayo Fusarium, ambayo huziba mishipa ya maji ya mpamba hata mmea ukanyauka. Ugonjwa huo, yaani mnyauko fusari, umejulikana katika Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1950, na watafiti wa kituo cha Ukiriguru, Mwanza, wamezalisha aina za pamba zinazoustahimili. Lakini mizizi ikishashambuliwa na mnyoo fundo, kuvu hushika kwa urahisi zaidi, na hata mpamba stahimilivu huweza kuathirika.

Kinga mojawapo ni mzunguko wa mazao, ambao hufaa pale tu mnyoo anapojulikana. Vifundo vya nyanya, mathalani, huweza kuletwa na Meloidogyne javanica au Meloidogyne incognita. Wa kwanza kwa kawaida hashambulii pamba. Wa pili ana makundi manne, na mawili kati yake huishambulia. Hivyo basi, kupanda pamba baada ya nyanya ni kinga katika shamba moja, na ni hasara katika shamba jingine.

Kwa miaka mingi minyoo hawa walitambuliwa kwa hadubini, kwa kutazama mistari ya ngozi katika sehemu ya nyuma ya jike, mfano wa alama za vidole. Njia hiyo huhitaji jike aliyekomaa na mtaalamu mzoefu, na mistari ya spishi mbili huweza kufanana.

Leo mnyoo mchanga mmoja hutosha. Husagwa katika tone la maji ili DNA yake itoke. Joto la nyuzi 95 hivi hutenganisha nyuzi mbili za DNA. Joto likishuka, vipande vifupi viitwavyo vianzio hunata mahali panapolingana navyo, na kimeng'enya hunakili sehemu hiyo. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu, hata mizunguko 30 ikaweza kutoa zaidi ya nakala bilioni moja. Nakala hupitishwa katika jeli yenye umeme, na urefu wake hutaja spishi: kwa vianzio vinavyotumika sana, javanica hutoa kipande cha jozi 670 za besi, na incognita jozi 1,200 hivi.

Hata hivyo, vipimo hivi havitaji kundi la incognita. Hapo mmea wenyewe ndio huulizwa, na jaribio hilo laweza kufanywa shuleni. Udongo unaoshukiwa utiwe katika makopo matatu, zipandwe nyanya, pamba na karanga, na mizizi ikaguliwe baada ya wiki nane. Pamba ikiwa na vifundo, incognita hushukiwa kwanza, na karanga, ambayo kwa kawaida haimlishi, hufaa kufuata. Wanafunzi wasichanganye vifundo na vinundu vya bakteria wa karanga: kinundu hubanduka kwa ukucha, bali kifundo ni mzizi wenyewe uliovimba.