Gesi ya soda na mafuta ghafi: vikikutana chini ya ardhi hutokea nini?

Kipupwe kikiingia, chupa ya mafuta ya nazi hukutwa asubuhi imeganda. Jua likipanda, mafuta yale yale hurudi kuwa majimaji, na hakuna aliyeyatia wala kuyatoa kitu. Kilichobadilika ni joto tu. Soda nayo ina somo lake. Ikiwa imefungwa huoni povu, lakini ukiondoa kizibo presha hushuka na gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani hutoka kwa kishindo.

Joto na presha ndivyo vinavyoamua kitu kiwe kigumu, majimaji au gesi, na pia vitu viwili vichanganyike au vitengane. Jambo hili linatuhusu watu wa Pwani. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana yalisafirishwa kwa malori yenye matangi ya kuhifadhi joto hadi Changamwe. Shehena ya kwanza, mapipa 240,000, iliondoka bandari ya Mombasa Agosti 2019. Jirani zetu wa Tanga nao wanahusika, kwani bomba linalotoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, limebuniwa liwe la kupashwa joto kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kaboni dioksaidi, gesi ile ile ya kwenye soda. Ikipita nyuzi 31 za Selsiasi, joto ambalo Mombasa hulifikia kila Machi, na presha ikapita takriban mara 73 ya presha ya hewa iliyotuzunguka, haiwi tena gesi wala majimaji. Inakuwa nzito kama majimaji lakini inapenya kwa wepesi kama gesi. Ukichimba chini takriban mita 800, mara nyingi hali hizo mbili zinapatikana kwa pamoja.

Kisima cha mafuta si ziwa lililo chini ya ardhi. Mafuta yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji ndani ya sifongo. Hata baada ya kuyasukuma kwa maji, mara nyingi zaidi ya nusu hubaki, kwa kuwa maji na mafuta havipatani na ule mpaka kati yao huyanasa mafuta vitunduni. Kaboni dioksaidi haifanyi hivyo. Inayeyuka ndani ya mafuta, nayo mafuta yanavimba na kuwa mepesi. Wakati huo huo inanyonya sehemu nyepesi za mafuta na kwenda nazo mbele. Vinapeana hivyo mara nyingi, kila mmoja akizidi kufanana na mwenzake, hadi mpaka unatoweka na vinakuwa kitu kimoja. Hapo hakuna tena kinachoyanasa mafuta.

Lakini ndoa hiyo ina sharti. Kila mafuta yana kiwango chake cha chini cha presha, na chini ya hapo mpaka haupotei. Mwamba ukiwa na joto zaidi, au mafuta yakiwa mazito zaidi, kiwango hupanda. Gesi ikichanganyika na naitrojeni, hupanda pia. Tena gesi ikizidi, vitu vizito vinavyofanana na lami vinaweza kujitenga na mafuta na kuziba vile vitundu. Ndiyo maana wataalamu hupima sampuli ya mafuta maabara kwanza, katika joto la kisima chenyewe, kabla ya kupeleka gesi.

Texas walianza kazi hii kwa wingi mwaka 1972, katika eneo la SACROC. Nchini Kanada, kisima cha Weyburn kimekuwa kikipokea gesi tangu 2000 kutoka kiwanda cha makaa ya mawe cha North Dakota, Marekani, kupitia bomba la kilomita 320 hivi. Sehemu ya gesi hurudi juu pamoja na mafuta. Presha ikishuka inatoka kama kwenye soda, inakusanywa na kurudishwa chini. Zaidi ya tani milioni 20 zimebaki huko ardhini.

Basi, je, huku ni kusafisha hewa? Hapa panahitaji macho makavu. Gesi imezikwa kweli, lakini imezikwa ili mafuta zaidi yatoke, na mafuta hayo yakichomwa hutoa gesi nyingine. Atakayekutajia tani zilizozikwa tu amekupa nusu ya hesabu.

Kuna na suala la usalama. Tarehe 22 Februari 2020, bomba la kaboni dioksaidi lilipasuka karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi. Gesi iliyokuwa imebanwa ilitanuka ghafla ikapoa mno, kisha ikatambaa chini chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Zaidi ya watu 40 walipelekwa hospitali na wapatao 200 wakahamishwa. Hata injini za magari zilizimika kwa kukosa oksijeni.

Mazungumzo ya kuzika kaboni yanaenea duniani, na Pwani ndiyo mlango wa mafuta ya nchi hii. Siku mradi wa aina hiyo utakapoletwa barazani, tusishangilie wala kukataa kabla ya kuuliza. Gesi inatoka wapi, na ni safi kiasi gani? Presha ya kisima inatosha kuchanganya gesi na mafuta? Inayorudi juu inakwenda wapi, na nani anaihesabu? Bomba likipasuka usiku, nani atawaamsha wanaoishi kando yake? Kuuliza si ujinga.