Etajere isiangukie watu: namna ya kuisimamisha kwenye sakafu isiyo sawa

Katika butiki nyingi za Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, etajere ya mbao ndiyo inabeba mali yote ya familia: sabuni, sukari, mafuta, maziwa ya kopo, daftari za watoto. Inasimama yenyewe, bila kufungwa popote. Chini ya muguu mumoja wamepachika kipande cha karto kilichokunjwa. Ukiigusa, inacheza. Wenye nyumba wanaizoea, mpaka siku mutoto anapanda juu yake kutafuta biskuti, ao ardhi inatikisika kidogo, na vyote vinashuka pamoja.

Kwa nini sakafu haiko sawa

Muji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Wanaojenga kwenye muteremko wanakata mulima upande mumoja, na udongo uliotoka wanaujaza upande wa pili. Udongo uliojazwa unaendelea kushuka miaka na miaka, na sakafu inashuka nao. Wanaojenga karibu na ziwa wako juu ya muchanga. Maji yakipanda kisha yakirudi, yanabeba muchanga chini ya simenti, na sakafu inabaki kama mukate wenye tundu ndani. Wakaaji waliona hayo baada ya muto Mulongwe kufurika Aprili 2020 na kuua makumi ya watu, na tena mu 2024 wakati ziwa lilipanda na kuingia mu nyumba za kando.

Kuna pia sababu isiyo kosa la mutu. Mafundi wengi wanainamisha sakafu kidogo kuelekea mulango ili maji ya kusafisha yatoke. Ni vizuri kwa usafi, lakini etajere iliyowekwa kwenye ukuta wa nyuma, ikitazama mulango, inainamia mbele, upande wa wateja.

Sentimeta moja ina uzito gani

Tuseme etajere ina urefu wa metre 2 na upana wa sentimeta 30 toka mbele hadi nyuma. Kama miguu ya mbele iko chini kwa sentimeta 1 tu kuliko ya nyuma, kichwa cha etajere kinakuwa kimeenda mbele karibu sentimeta 7. Uzito ukiwa umegawanyika sawa toka juu mpaka chini, kitovu cha uzito kiko kwenye metre 1, nacho kinasogea mbele zaidi ya sentimeta 3. Etajere inaanguka siku kitovu hicho kinapita muguu wa mbele, yaani kikisogea sentimeta 15.

Lakini mwenye butiki akiweka vizito juu, kitovu kinapanda. Kikifika kwenye metre 1 na nusu, kwa sentimeta ile ile moja ya sakafu kinasogea sentimeta 5. Theluthi moja ya usalama imekwisha kuliwa mbele ya mutu yeyote kuigusa.

Hapo ndipo shida ya watu wa kando ya ziwa. Tangu mafuriko, wengi wanapandisha sukari, unga na dawa kwenye ubao wa juu kabisa ili maji yasivifikie. Wanakimbia maji, wanaikaribisha hatari ya kuangukiwa.

Kupima kwanza

Usianze kupachika vitu chini ya miguu mbele ya kujua upande gani uko chini. Mafundi wa ujenzi wanatumia tuyo ya plastiki inayoonesha ndani, iliyojazwa maji: maji ya ncha mbili yanakuwa siku zote kwenye usawa mumoja. Kama hakuna tuyo, chukua chupa iliyonyooka, jaza maji karibu yote, funga, na uilaze juu ya ubao. Pofu la hewa linakimbilia upande ulio juu. Kwa kujua kama etajere imesimama wima, funga jiwe kwenye uzi na uuninginize kando yake.

Kiti cha miguu mitatu hakichezi hata kwenye sakafu mbaya, kwa sababu miguu mitatu inagusa chini siku zote. Cha miguu mine kinacheza kwa sababu mumoja unabaki hewani. Pitisha karatasi chini ya kila muguu: pale inapopita bila kukwama, muguu huo ndio wa kusaidia.

Kusawazisha

Karto haifai. Inanyonya maji, inalainika, na kisha juma chache imekuwa bapa. Jiwe la muviringo linateleza. Kinachofaa ni kabari: kipande cha mbao ngumu, kinene upande mumoja na chembamba upande wa pili. Tumia mbili, moja juu ya nyingine, ncha zikitazamana kinyume, uzigonge polepole mpaka muguu ukae. Kisha pigilia musumari mudogo ili zisitoke wakati wa kufagia.

Kwenye sakafu ya udongo ao muchanga, kabari peke yake itazama. Weka ubao murefu chini ya miguu miwili ya mbele, na mwingine chini ya ile ya nyuma. Uzito unagawanyika, kama vile mutu anayepita kwenye matope juu ya ubao. Kama maji yanaingia, weka vipande vya karo ao matofali ya kuchomwa chini ya mbao hizo ili zisioze na muchwa wasipande.

Etajere yenyewe ikiyumba kushoto na kulia hata kwenye sakafu nzuri, kosa ni la viungo. Pigilia mbao mbili nyuma yake kwa mufano wa msalaba wa X, toka kona mpaka kona, ao funika nyuma yote na tripleksi.

Kuifunga ukutani

Hata ikiwa sawa kabisa, etajere ndefu na nyembamba inahitaji kushikwa juu, kwenye kona mbili. Uvira iko ndani ya bonde la ufa, mahali ardhi inapasuka polepole. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 lilibomoa nyumba Kalemie, na lile la tarehe 3 Februari 2008 liliua watu Bukavu na ngambo ya Rwanda.

Kwenye ukuta wa matofali ya kuchomwa ao bloki, toboa, weka shevi na visi. Kwenye ukuta wa matofali mabichi musumari hautashika: unatoka na udongo wake. Hapo pitisha waya ndani ya ukuta mpaka inje, na uufunge kwenye kipande cha mbao kinacholala ukutani upande wa inje. Kwenye nyumba ya mbao, funga kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba. Mupira wa kinga peke yake hautoshi kwa sababu unanyooka.

Etajere mbili zilizo katikati ya chumba zifungwe mugongo kwa mugongo, ziwe kama moja yenye miguu mipana.

Na maji je?

Kwa wanaokaa kando ya ziwa, jibu si kubeba vizito juu. Ubao wa kwanza uwekwe sentimeta 50 toka chini, juu ya bloki pana zilizosimama vizuri, na vizito vikae hapo. Vyepesi kama biskuti, pampa na daftari vipande juu. Lakini kila unapoinua etajere nzima, kuifunga ukutani si kwa kupenda tena, ni lazima.

Kitanda cha mutoto kisiwe pale etajere inaweza kulala ikianguka. Na ikianza kuanguka, usijaribu kuizuia kwa mikono: kimbia kando.

Musimu wa mvua ukiisha, pima tena na ile chupa ya maji. Sakafu iliyokuwa sawa mu Septemba inaweza kuwa imeshuka mu Mei.