Zizi Katika Baridi ya Julai

Julai iliyopita jirani yangu wa hapa Kapsoya, mama aliyestaafu ualimu, alibisha hodi akiwa amekumbatia chungu kama mtoto mwenye homa. Ndani yake mlikuwa na ule mmea ambao wauzaji wa maua kando ya barabara za Eldoret huutaja kwa herufi mbili za Kiingereza, ZZ, nazo mdomoni zikageuka kuwa zizi. Katika kaunti ya ng'ombe wa maziwa jina hilo linachekesha, lakini limeshika. Majani ya chini yalikuwa ya manjano, na mabua mawili yamelalia ukingo wa chungu.

“Walisema haufi,” akaniambia. “Nimeutunza kuliko nilivyowatunza watoto wangu, na sasa tazama.”

Nilitandika gazeti, nikauchomoa mmea mbele yake. Udongo ulitoka kama uji mzito, ukinuka maharagwe yaliyosahaulika sufuriani siku tatu. Katikati ya tope hilo palikuwa na viazi vitano, rangi ya nduma iliyomenywa vibaya. Nilivibonyeza kimoja kimoja. Viwili vilipasuka vidoleni vikatoa maji ya kahawia. Vitatu vilikuwa vigumu.

“Mama, unaumwagilia mara ngapi?”

“Kila Jumapili nikitoka kanisani. Nikiona majani yanageuka manjano naongeza na Jumatano.”

Mmea wenye kiu na mmea unaooza huonyesha dalili zinazofanana: manjano, kulegea, kudondosha majani. Mizizi iliyooza hainywi, kwa hiyo majani yanakosa maji huku chungu kimejaa maji. Mwenye mmea anaona kiu, anaongeza kikombe, na kikombe hicho ndicho kinachomaliza kazi.

Zizi ni mmea wa kwetu, ingawa ulifika Eldoret kwa njia ya mzunguko. Asili yake ni misitu mikavu na vichaka vya mwambao wa Kenya na Tanzania, ukishuka Msumbiji mpaka KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wafanyabiashara wa ng'ambo huuita johari ya Zanzibar. Wazungu walianza kuuandika vitabuni mwaka 1829, pale bustani ya biashara ya akina Loddiges jijini London ilipoupa jina la kwanza la kisayansi. Jina linalotumika leo, Zamioculcas zamiifolia, lilikamilishwa na Mjerumani Adolf Engler mwaka 1905. Hata hivyo ulikaa karibu karne nzima bila mtu kuujali, hadi wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Ndipo ukaingia maofisini duniani kote, na sisi tukaupokea kama kitu cha kigeni.

Kule msituni maisha yake ni ya mvua na ukame kupokezana. Mvua ikinyesha, mmea huweka akiba: kwenye viazi vilivyo ardhini, kwenye yale tunayoyaita mabua, na kwenye majani yenyewe, ambayo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji. (Mabua hayo kwa kweli ni vikonyo vya majani, na kila “tawi” unaloliona ni jani moja lililogawanyika. Shina halisi ni kile kiazi.) Ukame ukizidi, mmea hupukutisha vijijani na kubaki na vikonyo vilivyosimama kama fimbo, ukisubiri. Mwaka 2007 watafiti walichapisha ushahidi kwamba zizi lina hila nyingine ya mimea ya jangwani: likibanwa na kiu, huvuta hewa ya kaboni usiku badala ya mchana, ili lisipoteze maji kwenye jua. Mmea wa namna hiyo hauhitaji kikombe cha kila Jumapili.

Lakini maji peke yake hayaelezi kilichotokea Kapsoya. Kikombe kile kile mtu angekimimina kila wiki Mombasa na mmea ukavumilia. Tofauti ni mwinuko. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, siku nyingine chini yake. Nyumba zetu hazina mitambo ya kupasha joto. Joto letu la usiku ni blanketi, na zizi halina blanketi. Chini ya nyuzi 15 mmea huu karibu husimama: haukui, haunywi. Maji uliyomwaga Jumapili yapo pale pale Jumapili inayofuata, yamepoa, yameziba nafasi za hewa kwenye udongo, na mizizi iliyokosa hewa inaanza kuoza. Baridi peke yake zizi huistahimili kwa kiasi. Ukame huustahimili sana. Baridi na maji vikikutana kwenye chungu kimoja, ndipo linapokwisha.

Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapotupotosha. Maelezo mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani kwa ajili ya nyumba zao. Wanasema mmea unapumzika kuanzia Oktoba hadi Februari, kisha unamwagiliwa na kulishwa vizuri kuanzia Aprili hadi Septemba. Wenzetu wanazungumzia majira yao ya joto. Kwetu miezi hiyo ndiyo ya mvua, mawingu na baridi, na Julai ndiyo mbaya kuliko yote. Joto letu ni la kiangazi, Desemba hadi Machi, ambapo jua linawaka tangu asubuhi na sebule inapata nyuzi 24 mchana. Kwa hiyo igeuze kalenda yao. Mimi huyaacha mazizi yangu bila tone kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti, isipokuwa jani likianza kukunjamana. Januari nayamwagilia kila baada ya wiki mbili au tatu, mpaka maji yatoke chini, halafu nayasahau.

Usihesabu siku, ingawa nimekutajia wiki. Inua chungu. Kiinue siku ulipomwagilia na mkono wako ukariri uzito wake, kisha kiinue kila unapopita. Siku kitakapokuwa chepesi kiasi cha kukushangaza, ongeza siku nne nyingine, ndipo umwagilie. Kuchomeka kidole hakutoshi, kwa sababu udongo wa juu hukauka huku kule chini kwenye viazi bado ni kinamasi.

Udongo wenyewe ni nusu ya tatizo. Mche hutoka kitaluni ukiwa kwenye udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, mzuri kwa sukuma wiki, mbaya kwa zizi. Ukilowa unashikana, ukikauka unakuwa tofali. Mimi huchukua mafungu mawili ya udongo huo, fungu moja la mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na fungu moja la kokoto ndogo au mawe mepesi ya volkeno yanayoletwa kutoka upande wa Naivasha. Juu ya hapo natupia konzi ya chenga za makaa zilizobaki chini ya gunia. Chungu cha udongo uliochomwa ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu hutoa unyevu ubavuni, lakini mkebe wa Kimbo uliotobolewa kwa msumari wa inchi nne utafanya kazi vizuri kuliko chungu cha kauri cha bei kali kisicho na tundu. Vile vyungu vya zawadi visivyo na tundu ni vya kuwekea kalamu.

Baada ya hapo, angalia sakafu. Saruji ya Eldoret usiku wa Julai ni barafu ya uongo, na chungu kilichokaa juu yake kinanyonya baridi hiyo hadi asubuhi. Kiweke juu ya kigoda. Kisogeze pia mbali na kioo cha dirisha jua linapozama.

Na kuhusu mwanga, vitabu vya wenzetu husifu au hulaani dirisha la kusini kwa sababu kwao jua hukaa upande mmoja wa anga. Sisi tuko nusu nyuzi tu kaskazini mwa ikweta. Jua letu huegemea kaskazini Juni na kusini Desemba, na saa sita mchana huwa juu kiasi kwamba upenu wa mabati unalizuia lisiingie ndani. Madirisha ya kuangalia hapa ni ya mashariki na magharibi. La mashariki ni zuri: jua la asubuhi ni laini, na chungu kilichopoa usiku kinapata joto mapema. La magharibi nalo Januari huunguza. Kwenye mwinuko huu jua ni kali hata ngozi inajua, na jani la zizi hupata madoa ya rangi ya majani makavu ya chai. Hayo hayaponi. Rudisha chungu nyuma hatua mbili au tundika pazia jepesi. Kona yenye giza nayo haitaliua zizi, lakini mabua yatarefuka na kuinama yakitafuta mlango.

Mbolea nitaipitia haraka, kwa sababu ni kidogo. Huku kwenye mahindi kila stoo ina mabaki ya CAN, na nimeona zaidi ya chungu kimoja kilichonyunyiziwa kiganja chake “kipate nguvu”. Huunguza mizizi. Mbolea ya maji yenye NPK, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, mara moja Desemba na mara moja Februari, inatosha mwaka mzima. Wanaokuuzia kwa kusema mmea huu unasafisha hewa ya nyumba, waache wafanye biashara. Yale majaribio maarufu ya NASA ya 1989 yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa, na sebule yenye madirisha haifanani na kisanduku.

Kuna uvumi mwingine, kwamba zizi ni sumu kali. Ukweli ni huu: ni ndugu wa nduma. Zote mbili ni za ukoo mmoja, na zote zina vijisindano vya kalsiamu oksaleti, vile vile vinavyokuwasha koo ukila nduma isiyoiva. Mtoto au paka akitafuna jani atawashwa mdomo na atalia. Liweke asikofika, na unawe mikono baada ya kulikata. Kuligusa tu hakuna neno.

Kuhusu kuzalisha, kugawa viazi ndiyo njia ya mwenye haraka. Mwenye subira anaweza kuchomeka kijijani kimoja kwenye mchanga mkavukavu. Baada ya miezi kadhaa kikonyo chake huvimba na kuwa kiazi cha ukubwa wa punje ya mahindi, na kwa baridi yetu mwaka unaweza kupita kabla bua la kwanza halijatokeza. Ninavyo vijijani sita tangu Pasaka. Bado vinawaza.

Vile viazi vitatu vya jirani nilivisafisha, nikakata sehemu laini kwa kisu kilichopitishwa motoni, nikapaka majivu kwenye vidonda, nikaviacha juu ya gazeti siku tano. Kisha nikavipanda kwenye mkebe wenye mchanganyiko mkavu na kumkabidhi bila kumwaga hata tone. Aliniangalia kama daktari aliyeandika panadol kwa mtu aliyevunjika mguu. Septemba alipita kuuliza. Novemba akauliza tena.

Wiki ya pili ya Januari alinitumia picha. Kutoka kwenye mchanganyiko ule lilikuwa limechomoza bua moja, nene kama kidole gumba, kijani kibichi, vijijani vyake bado vimekunjwa kileleni kama ngumi. Simu yake ikafuata kabla sijamaliza kuitazama.

“Sasa nimwagilie tena?”

“Umekiinua chungu, Mama?”

Nikasikia kiti kikivutwa, kisha kimya kidogo.

“Bado ni kizito,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa kitu.

“Basi tungoje.”