Jua Lote Hili na Unga Mweupe

Wanafunzi wenzangu, ule unga mweupe wa rangi za ukuta, dioksidi ya titani, ni kichocheo: ukipigwa na jua, elektroni zake huruka na uchafu wa majini huvunjwavunjwa. Lakini mbona ni mweupe? Kwa kuwa huurudisha mwanga wote tunaouona! Humeza miale ya urujuanimno tu, kama asilimia 5 ya nguvu za jua. Mimi hasara hiyo yaniuma, nikikumbuka mito yetu. Mwaka 2001 Mjapani Asahi na wenzake waliutia naitrojeni. Ukawa wa manjano, na hata mwanga wa buluu ukatosha kuzirusha elektroni. Taabu ni kwamba naitrojeni ikizidi, elektroni hunaswa kabla ya kufanya kazi. Basi wataalamu wangali wanatafuta kipimo.