Fundi Mitambo Mgeni: Unapataje Kazi Toronto?

Niko Malvern, huku pembeni kabisa mwa Toronto, upande wa Scarborough. Wenzangu kadhaa wameniuliza ninapataje vibarua vya sauti wakati nasomea uhandisi wa umeme. Naeleza hapa kwa wote.

Kwanza, usianze na studio. Nilipofika nilizungusha CV studio nyingi za mjini, hakuna aliyejibu. Si unajua, wanamchukua mtu wanayemfahamu. Mimi mlango ulifunguka kanisani. Spika zilikuwa zinavuma, nikainuka kusaidia. Umeme wa huku ni volti 120 na herzi 60, kwetu ni 230 na 50, lakini ugonjwa ni ule ule: miksa na spika zimechomekwa soketi za njia tofauti, ethi zinagombana. Nikavichomeka pamoja, kelele ikakoma. Baada ya ibada mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, Jumamosi una nafasi? Tuna harusi."

Pili, fika mapema. Beba waya za ziada, betri na tepu. Ukimaliza, kunja waya vizuri, hata zisizo zako. DJ na wapiga vyombo ndio watakaokuita tena, kwa hiyo chukua namba zao, na uwapigie hata siku ambayo huna shida.

Tatu, patana bei kabla, kwa maandishi, hata kwa meseji. Mwandaaji mmoja alinikesha hadi saa tisa usiku, kisha akasema tutaongea kesho. Hiyo kesho sijaiona mpaka leo. Sasa nachukua nusu kwanza.

Nne, na hili ndo kubwa: kibali. Tangu Novemba 2024, mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Saa za harusi nazo zinahesabika, hata ukilipwa mkononi. Niliwahi kuitwa kuzunguka na bendi wiki nzima katikati ya muhula. Jamani, iliniuma, lakini nilikataa. Kibali kikienda, na shahada imekwenda. Kazi ile nikampa jamaa mwingine, na sasa akizidiwa ananiita mimi.

Basi, mwenye sherehe anitafute. Wiki hii bado nina saa sita.