Mipira ya Rejeta: Je, Tununue ya Silikoni?

Tulikuwa tumeshapita Makere, tukitoka Kasulu kwenda Kibondo. Baba watoto alikuwa akiendesha, wadogo wamelala juu ya magunia ya maharage, mara mvuke ukafumuka mbele. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka. Kabla sijashuka vizuri, kijana wetu mkubwa alikuwa ameshashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Nilipiga kelele akaganda pale pale. Mama mwenzangu, kifuniko hicho kikifunguliwa kabla injini haijapoa, maji ya moto humrukia mtu usoni.

Kibondo fundi alisema, "Mama, weka ya silikoni, usahau habari ya mipira." Bei yake ilikuwa mara nne ya mipira ya kawaida. Nilifikiria ada ya muhula, nikamwomba anieleze vizuri.

Uzuri upo. Silikoni haikakamai wala kupata nyufa upesi, na huvumilia joto la nyuzi 180 hivi. Lakini maji ya injini isiyo na hitilafu hukaa karibu na nyuzi 90, na mpira mzuri wa kawaida huvumilia zaidi ya 120. Kinachoua mipira yetu ni uzee, oili inayoidondokea, na vibanio vilivyolegezwa na mitikisiko ya barabara. Sasa oili hiyo hiyo ni adui wa silikoni, huifanya ivimbe na kulegea. Tena ni laini. Kibanio chenye matundu kikikazwa sana huikata. Mvuke nao hupenya polepole kwenye ngozi yake, maji yakapungua bila kuona tone chini. Kwenye petroli ni hatari zaidi: fundi asichukue kipande kilichobaki akakiunga kwenye njia ya mafuta. Gari litawaka.

Huku milimani kuna jambo jingine. Unayepika maharage Kibondo unajua yanavyochelewa kuiva, kwa kuwa maji huchemka yapata nyuzi 95 tu. Ndani ya rejeta yanazuiwa yasichemke na mgandamizo uliofungiwa na kifuniko. Mpira ukivuja, hata wa silikoni, mgandamizo hupotea, na gari huchemsha mapema kuliko ambavyo lingechemsha Dar es Salaam.

Mwenye basi linalopanda milima kila siku anaweza kupiga hesabu tofauti na yangu. Baba watoto aliipenda ile ya buluu, nadhani kwa rangi tu; na rangi si ushahidi, maana hata mpira wa kawaida hutiwa rangi.

Tulinunua mipira miwili ya kawaida yenye mikunjo ya gari letu, wa juu na wa chini, pamoja na vibanio vipya. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, naibonyeza kwa vidole. Ukikuta mgumu kama ukuni, au umevimba karibu na kibanio, usisafiri nao. Juzi niligundua ule mwembamba wa hita umeanza kupata nyufa. Huo tutaubadilisha tukishauza maharage. Kwa sasa gari haliendi mbali na sokoni.